Sababu ya Kurudi Mapema

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti, anang'oa misumari midogo kwenye tumbo la kochi. Kochi lilikuwa limegeuzwa miguu juu. Kila msumari alioung'oa aliutupa ndani ya kopo, na kopo likalia ting.

Mke wake alikuwa kwenye cherehani, karibu na dirisha. Alikuwa anashona foronya ya mto. Mtaani walimwita Mshonaji. Mume anatengeneza mbao, springi na sponji. Mke anashona kitambaa cha juu. Walifanya kazi hiyo pamoja tangu walipooana, katika chumba kimoja cha chini kilichojaa vumbi la sponji.

"Leo umeokota nini humo?" Mshonaji aliuliza.

Kochi kuukuu halikosi vitu ndani yake. Fundi aliingiza mkono, akapapasa.

"Kitana. Kifuniko cha kalamu. Na jino la mtoto."

"Jino liweke. Mwenyewe atalitaka."

"Atalitaka la nini? Ameshaota jingine."

"Liweke tu, Fundi."

Fundi aliliweka jino kwenye dirisha. Chupa ya chai ilikuwa hapo, na kikombe kimoja. Zamani vilikuwa viwili. Lakini tangu mama yake alipofariki, Mshonaji hanywi chai asubuhi. Mumewe alimuuliza mara moja kwa nini. Hakujibiwa, naye hakuuliza tena.

Tarishi alisimamisha pikipiki mlangoni. Alileta bahasha, akataka sahihi, akaondoka. Mshonaji alifungua bahasha kwa mkasi wake wa kazi. Ilikuwa barua ya kampuni ya bima. Alisoma kwa sauti.

"Tumepitia madai yenu ya fidia kwa safari iliyokatishwa. Kwa maelezo yenu wenyewe, mlirudi mapema kwa sababu mama wa mmoja wenu alikuwa mgonjwa kidogo. Ugonjwa mdogo wa ndugu hauhesabiwi katika masharti ya bima yenu. Kwa hiyo madai yenu yamekataliwa."

Alirudia maneno mawili. "Mgonjwa kidogo." Kisha akasema, "Mama yangu yuko kaburini. Hawa wananiambia alikuwa mgonjwa kidogo."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Si wao," alisema. "Ni mimi. Fomu iliuliza sababu ya kurudi mapema. Niliandika tulichoambiwa."

"Ungeandika amefariki."

"Siku tuliyofunga mizigo, tulijua amefariki?"

Fundi alikuwa mtu wa kupima kitambaa mara tatu kabla ya kukata. Hata kwenye fomu alikuwa hivyo hivyo. Alichoambiwa ndicho alichoandika, hakuongeza, hakupunguza.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwanza katika maisha yao. Daktari alimwambia Fundi kwamba vumbi la sponji linamuumiza kifua. Alimshauri apumzike mahali penye hewa safi. Wakaweka akiba muda mrefu. Wakalipia hoteli ndogo kando ya ziwa, wiki nzima. Yule wakala aliyewauzia safari aliwauzia na bima. Aliwaambia, "Mkipata dharura mkarudi mapema, kampuni itawafidia." Walitia sahihi. Karatasi ya masharti hawakuisoma. Ilikuwa ndefu, na maandishi yake madogo kama mchanga.

Katikati ya wiki, asubuhi, wakiwa mezani, simu ililia. Alikuwa kaka mkubwa wa Mshonaji. Kaka huyo ni kinyozi, na ndiye aliyekuwa akiishi na mama yao.

"Mama anaumwa kidogo," Kinyozi alisema. "Njooni. Lakini msikimbie."

Walifika jioni. Walikuta viti vimepangwa uani na wanawake wanalia. Kinyozi alimpokea dada yake mlangoni. Alimwambia, "Ametutoka mchana, mkiwa njiani. Alikutaja jina."

Sasa hoteli haikurudisha pesa za siku zilizobaki. Tiketi mpya za kurudi walizinunua kwa pesa ya kununulia cherehani nyingine. Ile ya zamani ilikuwa inakata uzi kila baada ya muda, na wateja wanaanza kulalamika. Bima ilikuwa tumaini lao. Na bima imesema hapana.

*

Siku hiyo alasiri, jirani wa ghorofa ya juu aliteremka kuangalia kiti chake. Alikuwa mama mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya kustaafu alifanya kazi katika kampuni nyingine ya bima, kwenye ofisi ya madai. Ndiyo maana watu walimwita Bi Karatasi. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa.

"Kiti changu bado hakijavuliwa hata shati," alisema.

"Kesho, shangazi," Fundi alisema. "Leo kichwa hakipo."

"Kimeenda wapi?"

Mshonaji alimpa barua. Bi Karatasi aliisoma akiwa amesimama. Aliigeuza akatazama nyuma, kama mtu anayeangalia upande wa pili wa kitambaa.

"Nani alijaza fomu?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Uliambatanisha nini?"

"Tiketi."

"Cheti cha kifo?"

"Anacho shemeji yangu. Na fomu haikuuliza kifo. Iliuliza sababu ya kurudi."

Bi Karatasi alivuta kigoda akakaa.

"Nitawaeleza," alisema. "Yule aliyesoma fomu yenu hawajui nyinyi. Wala mama yenu hamjui. Mbele yake ana karatasi mbili. Huku maelezo yenu, huku masharti ya bima. Zikilingana, analipa. Zisipolingana, anakataa, halafu anaenda kula chakula cha mchana."

"Hana moyo?" Mshonaji aliuliza.

"Anao. Ila hautumii pale. Nileteeni hati ya bima tuione."

Mshonaji aliitoa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Bi Karatasi alipitisha kidole taratibu, mstari kwa mstari, mpaka akafika alipotaka.

"Hapa. Kukatisha safari. Soma wewe mwenyewe, mwanangu. Usinisikilize mimi."

Mshonaji alisoma polepole. Kampuni italipa ikiwa ndugu wa karibu amefariki, ameumia vibaya, au ameugua hadi kulazwa hospitali.

"Mama ni ndugu wa karibu?" Bi Karatasi aliuliza.

"Kama mama si wa karibu, nani tena?"

"Masharti yanasema mzazi yumo. Vizuri. Je, alifariki?"

"Alifariki."

"Basi mna haki ya kudai. Lakini fomu yenu haikusema hivyo. Ilisema kidogo. Neno hilo moja ndilo walilolishika."

Fundi aliinamisha kichwa. Bi Karatasi alimwona.

"Usijipige, Fundi. Hukudanganya. Ila hukumaliza."

Kisha akawaonyesha la kufanya. Barua ya kukataa si mwisho. Mteja anaruhusiwa kuandika kwa kampuni ile ile na kuomba madai yatazamwe upya. Aandike ndani ya muda uliotajwa kwenye barua. Ataje namba ya madai, na kile kifungu cha masharti anachokitegemea. Aambatanishe ushahidi. Anakili kila karatasi kabla ya kuitoa mkononi. Akipeleka, agongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Na kampuni ikikataa tena, iko ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Malalamiko ya wateja hupokelewa huko, na hakuna haja ya kuanza na wakili.

"Ushahidi gani?" Mshonaji aliuliza.

"Cheti cha kifo. Barua ya hospitali. Barua ya hoteli kwamba siku zilizobaki hamkuzitumia na hamkurudishiwa pesa. Na maelezo ya yule aliyewapigia simu. Aandike kwa mkono wake alijua nini, na aliwaambia nini."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu watauliza. Mama alifariki mchana, nyinyi mmeondoka asubuhi. Mliondoka kwa sababu gani? Kama asubuhi alikuwa hospitali, mahututi, kaka aseme hivyo. Basi. Mambo yatalingana."

"Ataandika," Mshonaji alisema. "Ni kaka yangu."

Bi Karatasi alisimama, akakitazama kiti chake pembeni.

"Jambo moja jingine. Nyuma ya hati kuna namba ya simu. Imeandikwa mpige kabla ya kurudi. Mlipiga?"

Walitazamana kama mume na mke ambao mmoja wao ameacha mlango wazi na kuku wametoka.

"Hatukuiona," Fundi alisema.

"Wengi hawaioni. Inaweza kuwagharimu kidogo. Tutaona."

*

Duka la Kinyozi lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka na benchi la kusubiria. Ngozi ya kiti ilishonwa na Mshonaji mwenyewe. Alipoingia, kaka yake alikuwa na mteja, uso umejaa povu.

"Dada, karibu. Kaa."

"Sikai sana, kaka. Nimefuata cheti cha mama. Na nataka uniandikie maelezo mafupi, ya bima."

Wembe ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Bado mnahangaika na hao? Waachie. Mwenye nguvu mpishe."

"Si nguvu, ni karatasi. Bi Karatasi amesema tunaweza kushinda."

"Bi Karatasi naye," Kinyozi alisema. "Akiumwa tumbo anaandika barua kwanza."

Mteja alicheka ndani ya povu. Kisha akageuza macho kwa Mshonaji.

"Wewe ndiye yule binti? Pole sana, mama. Kaka yako alinisimulia. Marehemu alikuwa kama amekushika mkono kwa mbali, anaita jina lako mpaka pumzi ya mwisho. Ukiwa njiani. Inauma."

"Inauma," Mshonaji alisema.

Alishajua kwamba kila kichwa kilichonyolewa katika duka lile kilikuwa kimesikia habari hiyo. Kila mara ilikuwa imekua kidogo. Mara ya kwanza mama alimtaja. Baadaye alimwita. Sasa amemshika mkono kwa mbali.

"Cheti, kaka."

"Kiko kwenye sanduku. Ufunguo anao wifi yako, naye amekwenda kwao."

"Anarudi lini?"

"Karibuni. Nitakuletea."

Hakuleta. Mshonaji alimpigia simu, akasema yuko na mteja. Alipiga tena, akasema betri inaisha. Wifi alirudi kutoka kwao, Mshonaji akakutana naye sokoni, akamuuliza kuhusu ufunguo. Wifi alishangaa. Sanduku lile halijawahi kuwa na kufuli.

Mshonaji alirudi kazini, akakaa kwenye cherehani, asishone.

"Kaka yangu hataki nishinde," alimwambia mumewe.

"Usihukumu bado. Labda anaona uvivu wa kuandika."

"Anaandika bei ukutani kila siku. Siku zinakwisha, Fundi. Barua imetaja tarehe."

"Nitamwambia mimi, mtu na shemeji yake."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia aje anishikie kitambaa."

*

Kinyozi alikuja siku ya mapumziko, duka lake likiwa limefungwa. Alivaa shati safi. Aliwasalimu, akaulizia kifua cha shemeji yake, akalisifu kochi. Hakukaa.

"Umesema unataka mtu wa kukushikia, shemeji."

"Shika hapa. Vuta. Usiachie, kitajikunja."

Kinyozi alivuta kitambaa kwa mikono miwili. Fundi alipiga msumari, akasogea, akapiga mwingine. Mshonaji alikuwa anashona mstari mrefu, hakuinua uso.

"Cheti ninacho mfukoni," Kinyozi alisema.

"Vizuri," Fundi alisema. "Vuta kulia."

"Kabla hujakisoma, dada, nikwambie mimi."

Cherehani iliendelea.

"Mama hakufariki mkiwa njiani."

Cherehani ikanyamaza.

"Alifariki jana yake, jioni. Nilipokupigia asubuhi, tulikuwa tunatafuta sanda."

Kinyozi aliendelea kukiambia kitambaa.

"Kwetu habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Baba alipofariki, mimi niliambiwa anaumwa kidogo. Babu naye hivyo hivyo. Ukimwambia mtu akiwa mbali, ataanguka barabarani. Unamwambia kidogo, anakuja, anakuta watu, anashikwa. Ndivyo tulivyolelewa."

"Na kunitaja?" Mshonaji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alikutaja. Hilo ni kweli. Ila si siku ile. Alikutaja alipolazwa."

"Alilazwa lini?"

"Nyinyi mlipofika tu ziwani. Siku ya pili yake."

"Kwa hiyo mama alikuwa kitandani hospitali, na mimi niko kwenye maji nacheka."

"Mwenyewe alisema mwacheni apumzike, hajawahi kupumzika huyo."

"Alisema nisiambiwe?"

"Alisema siku ya kwanza." Kinyozi alivuta kitambaa zaidi. "Siku iliyofuata aliuliza kama umefika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia yuko njiani."

Fundi alikuwa ameinua nyundo. Aliishusha taratibu bila kupiga.

Mshonaji alikata uzi. Alikunja kitambaa, akakiweka magotini, akaweka mikono juu yake.

"Kaka. Asubuhi ile ulisema msikimbie. Chai ilikuwa mezani. Nilitaka kuinuka, nikasema, ah, kaka amesema tusikimbie. Nikamaliza chai yangu. Nikamaliza na mkate. Tukakosa basi la kwanza. Kisha ukaniambia ametutoka mchana, akiniita. Unajua nimekaa na chai hiyo siku ngapi? Kila asubuhi nahesabu. Kama nisingekunywa chai, ningemkuta. Umekuja hapa, umeona sinywi, ukaniuliza kama ni tumbo."

"Nilitaka ujue alikupenda."

"Nilikuwa najua. Hilo halikuhitaji uongo."

"Nilishawaambia watu. Ningewaambia nini tena?"

"Na mimi je? Mimi ni watu?"

Kinyozi alikuwa bado ameshika kitambaa. Vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kuvuta. Fundi alipiga misumari iliyobaki haraka, mmoja baada ya mwingine, akamwambia kwa upole, "Sasa achia, shemeji."

Aliachia. Alitoa cheti kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya cherehani. Mshonaji hakukigusa.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Ulichosema sasa hivi. Karatasi iko pale."

"Watanionaje, dada? Mtu mzima, naandika kwamba nilidanganya msibani."

"Sijui watakuonaje. Mimi nimeshakuona."

Fundi alipanda ngazi kumwita Bi Karatasi. Aliteremka na miwani yake, akasikiliza, hakumuuliza Kinyozi lolote la kumuumiza.

"Maneno machache, mwanangu," alimwambia. "Wewe ni nani kwa marehemu. Alilazwa lini, wapi. Alifariki lini. Ulipiga simu lini, ukasema nini, kwa nini hukusema kifo. Usijitetee, usijilaumu. Kampuni haimtafuti mkosaji. Inatafuta tarehe."

Kinyozi aliandika akiwa ameegemea mgongo wa kochi jipya. Alifuta, akaandika tena. Alipomaliza alitia sahihi, akaandika namba ya simu yake chini. Alimwangalia dada yake.

"Nikuletee na barua ya hospitali?"

"Lete."

"Kesho asubuhi?"

"Asubuhi ni sawa."

Hakumwambia karibu chai. Kinyozi aliaga, akaenda. Mlangoni alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kofia, lakini hakuwa na kofia.

"Nilidhani nikijua ukweli nitapumua," Mshonaji alisema baadaye. "Chai imeniondoka kifuani. Sasa yamekaa maneno mengine. Yuko njiani."

Fundi alichukua fagio akafagia vumbi.

*

Barua yao ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mshonaji aliiandika mwenyewe, Bi Karatasi akaisoma, akakata sentensi iliyokuwa na matusi.

"Hii ni nzuri," alisema, "lakini ibaki hapa nyumbani."

Walitaja namba ya madai. Walitaja kifungu. Waliandika wazi kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa yale waliyoambiwa kwa simu, na kwamba sababu ya kweli ilikuwa kifo, ambacho ndugu aliwaficha ili wasafiri salama. Waliambatanisha cheti, barua ya hospitali, barua ya hoteli, tiketi na maelezo ya Kinyozi. Walinakili zote. Mshonaji alizipeleka mwenyewe, akasubiri foleni, akagongewa mhuri.

Kampuni ilikaa kimya. Alikwenda kuuliza. Wakamwambia asubiri. Alikwenda tena, akaonyesha mhuri na tarehe yake, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba akiendelea kusubiri atapeleka nakala kwenye ofisi inayosimamia bima. Kijana wa mapokezi aliinuka, akaingia ndani na nakala ile.

Jibu lilikuja. Kampuni imekubali kulipa siku za hoteli zilizopotea. Tiketi za kurudi hailipi, kwa sababu hawakupiga ile namba kabla ya kusafiri. Chini kabisa karani alikuwa ameongeza mstari mmoja: Poleni kwa msiba.

"Hili la tiketi mnaweza kulibishia kwa wasimamizi wa bima," Bi Karatasi alisema. "Lakini ni kweli hamkupiga, na imeandikwa mpige. Mimi ningefikiri kwanza. Ila safari nyingine, kabla hamjatia sahihi, someni sehemu mbili tu, hata kama mnasinzia. Kinacholipwa, na unachotakiwa kufanya ili ulipwe."

"Safari nyingine," Mshonaji alisema. "Shangazi, wewe nawe una utani."

Alinunua cherehani. Si mpya, lakini haikati uzi. Siku ya kwanza aliishonea kiti cha Bi Karatasi, ambacho kilikuwa kimesubiri muda mrefu kuliko madai yenyewe. Kaka yake alipita siku hiyo, akasimama mlangoni, akasema hongera. Alimjibu asante. Waliongea habari za hali ya hewa.

Dukani kwake, walisema wateja, Kinyozi hasimulii tena habari za mama. Mtu akimuuliza, anasema, "Alifariki jioni. Dada yangu alikuwa mbali. Hakuambiwa." Kisha anawasha mashine.

*

Siku moja jioni, Fundi na mkewe walikuwa wanavalisha kochi kubwa la ofisi. Mkono mmoja ulikuwa umekamilika. Mwingine bado ulikuwa wazi, mbao na sponji nje. Mshonaji alikuwa na sindano ndefu mkononi, ile iliyopinda, anaunga pembe. Simu yake ililia. Alimpa mumewe aipokee, lakini Fundi alitazama jina, akaiweka kwenye sauti kubwa, akaiweka juu ya kochi.

"Dada," sauti ya Kinyozi ilisema. "Mama mkubwa anaumwa ki..."

Alijikatiza mwenyewe.

"Ngoja," alisema. "Nianze upya."

Mshonaji alisimamisha sindano.

"Mama mkubwa ameanguka bafuni asubuhi hii. Amevunjika nyonga. Nimemfuata huku kwake, amelazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Daktari amesema atafanyiwa upasuaji, si leo. Umri wake ni mkubwa, kwa hiyo kuna hatari, amesema wazi. Hajafa. Narudia, hajafa. Anaongea. Amegombana na muuguzi kuhusu shuka."

"Anasema nini kingine?"

"Anakuulizia."

Mshonaji aliitazama simu.

"Umemjibu nini, kaka?"

"Sijamjibu kitu. Mimi sijibu tena. Nampa simu, ongea naye mwenyewe."

Ilisikika kelele ya vyombo, mtu akikohoa mbali, kisha pumzi nzito ya mzee karibu na simu.

"Nani huyo?" mama mkubwa aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Uko wapi?"

Mshonaji alikitazama chumba. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaisha. Basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka.

"Niko kazini, mama. Bado sijatoka. Naondoka kesho asubuhi na basi la kwanza."

"Kesho."

"Kesho. Nikipanda basi nitakupigia nikwambie nimepanda."

"Haya," mama mkubwa alisema. "Nitakungoja. Uje na shuka lako, haya yao yanawasha."

Simu ilikatika. Mshonaji aliichoma sindano kwenye sponji, mahali ambapo angeiona akirudi. Fundi alilifunika kochi kwa turubai, mkono mmoja umevaa, mwingine uchi. Kisha akavijaza maji vikombe viwili, akavisuuza, akaviacha dirishani kwa ajili ya asubuhi.